Barua ya wazi: Wagonjwa wa uvimbe wa thaimasi wanapotelea kati ya chumba cha upasuaji na chumba cha mionzi

Kwa:
Uongozi wa Wizara ya Afya,
Wakurugenzi wa hospitali za rufaa za kanda na hospitali ya taifa,
Wasimamizi wa mifuko ya bima ya afya,
Tanzania.

YAH: TIBA YA MIONZI KWA WAGONJWA WALIOFANYIWA UPASUAJI WA UVIMBE WA TEZI YA THAIMASI

Waheshimiwa Viongozi,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia hadharani, baada ya njia za ndani kushindikana. Malalamiko ya familia yetu yalipelekwa kwa maandishi katika hospitali aliyotibiwa mdogo wangu, yakapokelewa, yakagongwa muhuri, na yakaishia hapo. Tulipofuatilia kwa mdomo tuliambiwa kwamba suala linashughulikiwa, na baadaye tukaambiwa kwamba afisa aliyekuwa akilishughulikia amehamishwa kituo. Hospitali hiyo siitaji kwa jina, kwa sababu nimezungumza na familia nyingine zilizotibiwa kwingine na kasoro walizozieleza ni zilezile. Nikiitaja moja, zilizobaki zitajiona haziguswi. Mdogo wangu mwenyewe ameisoma barua hii na ameridhia itoke.

Jambo ninalolileta kwenu ni moja. Mgonjwa aliyeondolewa uvimbe wa thaimasi anastahili kupata, ndani ya muda unaojulikana, jibu la uhakika kama anahitaji mionzi au la, na kama anaihitaji, aipate muda huo haujapita. Katika hospitali zetu jibu hilo halina mwenyewe. Daktari wa upasuaji huona kazi yake imekwisha kidonda kikifunga. Daktari wa mionzi hamfahamu mgonjwa mpaka aletewe. Maabara hujibu lile tu iliyoulizwa. Na bima husubiri karatasi ambayo hakuna mtu aliyepewa jukumu la kuiandika. Wakati wote huo mgonjwa yuko nyumbani akiamini kwamba amepona.

Naomba nieleze kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajapata kuusikia. Thaimasi ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo, na ndimo chembe nyeupe za damu zinazoitwa chembe T hufundwa kuwatambua maadui wa mwili. Utotoni huwa kubwa, na baada ya kubalehe husinyaa taratibu, nafasi yake ikajaa mafuta. Uvimbe unaoota humo ni nadra. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba thaimoma, ambayo ndiyo aina iliyozoeleka ya uvimbe huo, hupata watu wapatao 13 kwa kila watu milioni 10 kwa mwaka. Karibu theluthi moja ya wenye thaimoma huwa pia na miasthenia, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia sehemu ambapo neva hukutana na msuli, na misuli ikachoka kwa kazi ndogo.

Kwa mdogo wangu miasthenia ndiyo iliyotangulia kuonekana. Yeye ni fundi cherehani, na ukope wa jicho lake la kushoto ulianza kushuka kila ifikapo alasiri, akawa anauinua kwa kidole cha mkono mmoja huku mkono wa pili ukihangaika kutafuta tundu la sindano. Alipewa dawa za matone, akapewa miwani, na jirani mmoja akamshauri aende kwa mganga. Daktari wa mishipa ya fahamu alipomwona hatimaye, aliagiza kifua kipigwe kipimo cha CT, na uvimbe ukaonekana. Upasuaji wenyewe ulifanyika vizuri, na daktari aliyemfanyia tunamshukuru mpaka leo. Malalamiko yetu yanaanzia siku alipotoka wodini.

Ili uamuzi wa mionzi ufanyike, yanahitajika mambo matatu. La kwanza ni hatua ya ugonjwa, ambayo kwa miaka mingi imepimwa kwa mfumo wa Mjapani Masaoka wa mwaka 1981, uliorekebishwa na Koga mwaka 1994. Katika hatua ya kwanza uvimbe uko ndani ya ganda lake. Katika ya pili umelitoboa ganda na kuingia kwenye mafuta ya jirani. Katika ya tatu umeshika viungo vya jirani kama utando wa moyo, pafu au mishipa mikubwa ya damu. Na katika ya nne umemwaga mbegu kwenye utando wa mapafu au wa moyo, au umefika mbali zaidi. La pili ni aina ya uvimbe, ambayo Shirika la Afya Duniani huipa herufi kuanzia A, AB, B1, B2 hadi B3, na baada ya hizo ipo kasinoma ya thaimasi, iliyo kali kuliko zote. La tatu ni kingo za nyama iliyokatwa: je, kisu kimepita kwenye nyama salama, au kimepita katikati ya chembe za ugonjwa?

Kuhusu kuishi kwa wagonjwa, ushahidi uliopo unasema mengi, ingawa hausemi yote. Mwaka 2016 lilichapishwa andiko la kundi la kimataifa la watafiti wa magonjwa ya thaimasi, ITMIG, lililokusanya taarifa za wagonjwa 1,263 wa thaimoma ya hatua ya pili na ya tatu ambao uvimbe wao ulikuwa umeondolewa wote. Waliopata mionzi baada ya upasuaji, asilimia 95 walikuwa hai baada ya miaka 5 na asilimia 86 baada ya miaka 10. Waliofanyiwa upasuaji peke yake, asilimia hizo zilikuwa 90 na 79. Tofauti hiyo ilionekana katika hatua ya pili na katika hatua ya tatu, kila moja ilipoangaliwa peke yake. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Japani walikuwa wamechapisha taarifa za wagonjwa 1,265 wa hatua hizohizo, nao hawakuona faida ya mionzi kwa wenye thaimoma; kwa wenye kasinoma ya thaimasi waliona kwamba mionzi ilichelewesha ugonjwa kurudi, lakini haikuongeza waziwazi muda wa kuishi. Kwa hatua ya kwanza, jaribio dogo la mwaka 1999 lenye wagonjwa 29 halikuonyesha kwamba mionzi inaongeza chochote, na leo mgonjwa wa hatua hiyo aliyeondolewa uvimbe wote hapelekwi kwenye mionzi.

Mimi si daktari. Nimeyasoma haya kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisomea, na nimeyaweka yote mezani, pamoja na yale yanayopunguza nguvu ya hoja yangu, kwa kuwa sitaki mnijibu kwamba ndugu wa mgonjwa amechagua utafiti mmoja unaompendeza. Naelewa pia kwamba tafiti hizo mbili kubwa ziliangalia nyuma kwenye mafaili, na kwamba inawezekana waliochaguliwa kupewa mionzi walikuwa na afya bora tangu mwanzo. Ndiyo maana watafiti wa Ufaransa wameanzisha jaribio la kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu ili swali la hatua ya pili iliyokomaa na hatua ya tatu lijibiwe sawasawa. Hata hivyo, kuna mahali ambapo wataalamu hawavutani: pale kingo zinapokutwa na chembe za ugonjwa, au uvimbe unapobaki, mionzi hutolewa. Miongozo ya Ulaya inaelekeza ianze ndani ya miezi 3 baada ya upasuaji. Kiasi cha kawaida cha mionzi kwa kingo safi ni grei 45 hadi 50 (grei ni kizio cha kupimia mionzi), kwa kingo zenye chembe ni karibu grei 54, na kwa uvimbe uliobaki ni grei 60 au zaidi. Kwa mafungu ya grei 2 kila siku, grei 50 ni mahudhurio 25, yaani wiki tano za siku za kazi.

Baada ya kusema hayo, yafuatayo ndiyo mambo tunayoyalalamikia.

1. Majibu ya kinyama, yaani nyama iliyokatwa na kupelekwa maabara kupimwa, hayajibu swali linalohitajiwa na daktari wa mionzi.

Uvimbe wa mdogo wangu tulikabidhiwa sisi wenyewe ndugu, ndani ya kopo la plastiki lenye formalini, yaani dawa ya kuhifadhia nyama, mfuniko umezungushiwa plasta, na kikaratasi chenye jina lake na neno "thaimasi". Tuliupeleka kwenye maabara nje ya hospitali kwa usafiri wa bodaboda. Majibu yalipotoka yalikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba ni thaimoma. Hayakutaja aina, hayakutaja kama ganda limetobolewa, wala hayakugusa habari ya kingo. Sehemu ya lawama haiwezi kubebeshwa mtaalamu wa maabara, kwa sababu nyama iliyofika kwake haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha upi ni upande wa moyo, upi wa pafu, upi wa juu na upi wa chini. Nyama hii ni laini na ina mafuta; ikishatolewa mwilini hujikunja na kupoteza umbo, na baada ya kulala kwenye formalini hakuna awezaye kusema kwa hakika ukingo fulani ulikuwa unagusa nini. Ndiyo maana ITMIG hutaka daktari wa upasuaji mwenyewe aielekeze nyama na kuiwekea alama akiwa bado chumbani, na pale anapohofia kwamba kitu kimebaki, aache vibanio vidogo vya chuma mwilini ili daktari wa mionzi aone kwenye picha ni wapi pa kulenga.

Kazi hiyo huchukua dakika chache, ikihitaji uzi, rangi na kipande cha ubao chenye mchoro. Haisubiri bajeti. Tulipoomba vipande vya nyama visomwe upya na mtaalamu mwingine, ilisomeka kwamba ni aina ya B2 iliyoshika utando wa moyo, na kwamba ukingo mmoja haukuwa safi, ingawa upi hasa haikuwezekana kusema. Kwa maneno mengine, alikuwa mmoja wa wale ambao kuhusu mionzi hapana ubishi, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

2. Hakuna meza moja wanapokaa wataalamu wote kumjadili mgonjwa.

Ugonjwa huu unahitaji daktari wa upasuaji wa kifua, daktari bingwa wa saratani, mtaalamu wa patholojia, mtaalamu wa radiolojia na daktari wa mishipa ya fahamu. Sisi tulionana nao karibu wote, kila mmoja kwa siku yake na jengo lake, na kila mmoja alituuliza mwenzake amesema nini. Ujumbe kati ya madaktari bingwa ulipita midomoni mwetu, sisi ambao maneno yenyewe tulikuwa tunayasikia kwa mara ya kwanza. Mmoja alisema mionzi si lazima kwa kuwa uvimbe umetoka wote. Mwingine, akiwa na faili lilelile, akashangaa kwa nini mgonjwa hajaanza. Huenda kila mmoja alikuwa na sababu zake za kitaalamu, lakini tofauti hiyo ilipaswa kumalizwa na wao kwa wao, na mgonjwa akapewa uamuzi mmoja wenye maelezo.

Jopo la aina hiyo kwa saratani zilizozoeleka lipo katika baadhi ya hospitali zetu, na nalipongeza. Kwa saratani nadra kama hii, mgonjwa hulifikia kwa bahati. Ufaransa walikutana na tatizo hilihili, kwamba hakuna hospitali moja inayowaona wagonjwa wa kutosha kujenga uzoefu, na mwaka 2012 Taasisi yao ya Taifa ya Saratani ilianzisha mtandao uitwao RYTHMIC, ambamo wagonjwa wa thaimasi kutoka nchi nzima hujadiliwa na jopo moja la taifa linalokutana mara mbili kwa mwezi kwa njia ya intaneti. Mgonjwa habebwi popote. Zinazosafiri ni picha na majibu. Sioni ni kitu gani katika mpango huo kinachotushinda sisi.

3. Muda hauhesabiwi.

Hakuna karatasi tuliyopewa wodini iliyosema, "Mgonjwa huyu anatakiwa aonwe na daktari wa mionzi kabla ya tarehe fulani." Fomu ya kuruhusiwa ilikuwa na tarehe ya kutoa nyuzi. Miezi 3 inayotajwa na miongozo iliisha tukiwa bado tunatafuta majibu ya kinyama, na alipoanza mionzi hatimaye, muda huo ulikuwa umepita kwa mbali. Kipimo cha CT kilichofanywa baadaye kimeonyesha vinundu kwenye utando wa pafu, na sasa yuko kwenye matibabu ya dripu. Sisemi kwamba angeanza mapema vinundu hivyo visingekuwepo. Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa mgonjwa mmoja, na mionzi inayolenga katikati ya kifua haifuniki utando wote wa pafu. Ninachosema ni kwamba alinyimwa nafasi ambayo alikuwa na haki nayo, na aliyemnyima hana jina wala cheo, kwa sababu kuihesabu miezi hiyo haikuwa kazi ya mtu yeyote.

4. Wenye miasthenia wanatibiwa mionzi bila tahadhari ya miasthenia.

Mionzi ya katikati ya kifua huweza kuchubua umio, na mgonjwa akaumia anapomeza. Mwenye miasthenia akishindwa kumeza, huenda misuli ya koo na ya pumzi inaanza kumwacha, na hiyo ni dharura inayoweza kumuua usiku huohuo. Mdogo wangu alipolalamika kwamba chakula hakishuki aliambiwa ni kawaida ya mionzi, avumilie. Hakuna aliyemwambia ahesabu namba kwa sauti kwa pumzi moja ili nguvu ya pumzi yake ionekane, wala aliyemtazama macho. Aidha, zipo dawa zinazoweza kuizidisha miasthenia, zikiwamo jentamaisini, siprofloksasini na magnesiamu ya sindano, na mbili za mwanzo hutolewa kila siku katika vituo vyetu. Mgonjwa wa kisukari huwa na kadi yake. Huyu hana, na akifika kituoni na homa ya kifua hutegemea kumbukumbu yake mwenyewe.

5. Bima na gharama.

Kibali cha mionzi kilirudishwa kwa sababu fomu haikuonyesha hatua ya ugonjwa, na haikuonyesha hatua kwa sababu majibu ya kinyama hayakuitaja. Hivyo kasoro ya kwanza ikazaa hii ya tano. Kwa wasio na bima hali ni nzito zaidi. Tiba ya mionzi inapatikana katika miji michache, na hospitali tulizozoea kuzisikia ni Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Mtu anayetoka Kigoma au Mtwara kwa mahudhurio 25 ya dakika chache kila siku, atahitaji chumba, chakula na mtu wa kumsindikiza kwa wiki tano, na gharama hizo hazimo katika kitita chochote cha bima ninachokifahamu.

6. Ufuatiliaji unakatika mapema.

Thaimoma huweza kurudi baada ya miaka mingi, ndiyo maana miongozo hutaka vipimo vya CT viendelee kwa miaka 10 na zaidi. Wagonjwa niliozungumza nao waliambiwa warudi "wakiona tatizo". Ugonjwa unaorudi kwenye utando wa pafu hauumi mpaka umeenea.

Waheshimiwa Viongozi, majibu mtakayopewa na walio chini yenu nayafahamu, kwa kuwa mengine nimekwisha kupewa.

Mtaambiwa kwamba ugonjwa huu ni nadra mno kuundiwa utaratibu. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa watu milioni 61.7. Kama kiwango chetu kingekuwa kile cha Marekani, tungekuwa na wagonjwa wapya wapatao 80 kwa mwaka, na kwa kuwa sisi ni taifa la vijana wengi huenda wakawa pungufu. Namba hiyo mimi naiona kama sababu ya kuweka utaratibu, kwa kuwa wagonjwa 80 wanaenea katika jopo moja linalokutana mara mbili kwa mwezi bila kumlemea mtu. Wakiachwa wametawanyika katika hospitali kumi, kila hospitali itawaona wachache na kuwasahau.

Mtaambiwa kwamba mashine ni chache na foleni ni ndefu, na kwamba wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, wanasubiri. Hoja hii naipa uzito wake wote. Sitaki mdogo wangu apite mbele ya mama yeyote anayevuja damu. Lakini utaratibu ninaoomba unapunguza mzigo pia, kwa sababu jopo likifanya kazi, wa hatua ya kwanza hatatumwa kwenye mionzi isiyomfaa, na yule wa hatua ya pili ambaye faida yake ina mashaka ataelezwa pande zote mbili na kuamua pamoja na daktari wake. Tangu Ocean Road ilipopata mashine za kisasa za mionzi ziitwazo LINAC mwaka 2018, taifa limekuwa na uwezo wa kulenga mionzi kwa namna inayoupunguzia moyo na mapafu madhara, jambo lililo muhimu sana kwa uvimbe unaolala mbele ya moyo, na kwa mgonjwa anayetarajiwa kuishi miaka 10 au 20 baada ya tiba. Uwezo huo umegharimu fedha nyingi za wananchi. Mgonjwa anayeuhitaji asizuiwe na karatasi iliyokosa neno "ukingo".

Mtaambiwa, tatu, kwamba ushahidi wa kitaalamu haujakamilika. Ni kweli, na nimeeleza hivyo mwenyewe. Ushahidi usiokamilika unadai mjadala wa wataalamu, kumbukumbu nzuri na mgonjwa aliyeelezwa. Hautoi ruhusa ya kumwacha bila jibu. Waliochelewa miongoni mwetu hawakucheleweshwa na madaktari waliosoma tafiti zote mbili wakaamua kwamba mionzi haifai. Walicheleweshwa kwa sababu hakuna aliyekaa kuamua.

Kwa hiyo naomba, kwa niaba ya familia yangu na familia nyingine tatu zilizokubali niseme kwa niaba yao, mambo yafuatayo:

(a) Wizara iunde jopo la taifa la uvimbe wa thaimasi, likutane kwa njia ya video angalau mara moja kwa mwezi kwa kuanzia, na iagizwe kwamba mgonjwa yeyote anayeonekana na uvimbe mbele ya moyo ajadiliwe humo kabla ya upasuaji na tena majibu ya kinyama yanapotoka. Kabla ya kisu, kila mgonjwa wa aina hiyo aulizwe na kupimwa miasthenia, kwa kuwa dawa za usingizi zinaweza kumfanya ashindwe kupumua baada ya upasuaji.

(b) Wakurugenzi wa hospitali waagize fomu moja ya majibu ya uvimbe wa thaimasi, yenye nafasi za lazima za aina, hatua, hali ya ganda na hali ya kila ukingo, na nyama isitoke chumba cha upasuaji bila kuwekewa alama na aliyeikata. Kuisafirisha iwe kazi ya hospitali.

(c) Fomu ya kuruhusiwa wodini iandikwe tarehe ya mwisho ya kuonana na daktari wa mionzi, na awepo muuguzi mmoja, kwa jina na namba ya simu ya ofisi, mwenye kazi ya kumtafuta mgonjwa tarehe hiyo inapokaribia.

(d) Mifuko ya bima ikubali uamuzi wa jopo kuwa kibali tosha, na izungumze na Wizara kuhusu malazi ya wagonjwa wanaotoka mbali kwa mionzi ya wiki nyingi.

(e) Kila mwenye miasthenia apewe kadi yenye orodha ya dawa za kuepukwa.

(f) Wagonjwa hawa wote waandikwe katika rejista moja, wafuatiliwe kwa miaka isiyopungua 10, na matokeo yao yatangazwe: wangapi walihitaji mionzi, wangapi waliipata ndani ya miezi 3, na wangapi wako hai. Leo takwimu za kuishi kwa wagonjwa wetu tunaziazima kutoka Marekani, Ulaya na Japani, wakati wagonjwa wenyewe tunao.

Namba (b), (c) na (e) zinaweza kutekelezwa na mkurugenzi wa hospitali kwa sahihi yake, bila kusubiri mwaka mpya wa fedha. Ningependa kusikia kwanza kutoka kwa yeyote kati yenu aliye tayari kuanza na hizo.

Nakala za karatasi zote zinazohusu matibabu ya mdogo wangu, pamoja na barua zetu zilizogongwa muhuri, tunazo, na tuko tayari kuzikabidhi kwa mtu au jopo mtakaloliteua. Majibu yenu naomba yawe ya maandishi na ya hadharani, ili na familia nyingine ziyasome.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Kaka wa mgonjwa,
Morogoro.